Wanawake Mia Mbili na Kumi na Wawili wa Dokta Boadu

Nilimchukia Dokta Boadu miaka saba, na sitaki mtu aniambie kwamba chuki inachosha moyo. Mimi ilinipa nguvu. Niliamka nayo alfajiri nikipanga makreti ya nyanya, nikala nayo mchana, nikalala nayo usiku, na kila niliposikia jina lake redioni akieleza mambo ya miji na ajira, nilisimama kidogo nimsikilize vizuri ili nisije nikapoa.

Zamani sikuwa muuza nyanya. Nilikuwa mdadisi, yule mtu anayezunguka na dodoso kuuliza watu wanafanya kazi gani, wanapata kiasi gani, wanalipa ushuru gani na ushuru huo unawarudishia nini. Taasisi iliyoniajiri ilikuwa hapa hapa Kumasi na Dokta Boadu ndiye alikuwa mkurugenzi wake: mtu wa suti na manukato, aliyeandika habari za masoko miaka kumi bila kuchafua viatu vyake sokoni. Mwaka ule halmashauri ilitaka kujua kama wanawake wa soko la zamani wangekubali kuhamia soko jipya nje ya mji. Dokta akapewa utafiti huo, na mimi nikapewa wauza ndizi na wauza nyanya.

Ndizi nilizimaliza kwa miezi minne. Wanawake mia nne, mmoja mmoja, nimekaa chini karibu na mikungu yao, jua la utosi. Wa kwanza alikuwa Maame Birago, ambaye alinijibu maswali yote huku akinimenyea ndizi ya kuchoma, akaniambia nisiandike upesi upesi kama ninayefukuzwa. Majibu yao yalionyesha jambo ambalo hata mimi lilinishtua: mwanamke anayeuza chini, bila paa wala bomba la maji, alikuwa akitoa fungu kubwa zaidi la kipato chake kwa halmashauri kuliko mwenye duka la ghorofa. Baadaye halmashauri iliona aibu ikawapunguzia wauza ndizi ushuru wa kila siku kwa nusu. Kazi hiyo niliifanya mimi, kwa miguu yangu, na mpaka leo najivunia.

Nyanya zilikwama. Pale sokoni kila bidhaa ina malkia wake, na huendi kuwauliza wauza nyanya hata bei kabla kiongozi wa shughuli hajafika mwenyewe kwa malkia wao, Nana Afrakoma, na chupa ya pombe kali mkononi, akasalimu, akaeleza safari yake. Kumtuma mtu ni tusi. Nilimweleza Dokta, akacheka mpaka akavua miwani.

“Akua, mimi nina shahada tatu,” akasema. “Siendi kumwinamia bibi aliyekalia kreti.”

Basi Nana Afrakoma akawafunga wanawake wake midomo. Hakuna aliyenijibu hata jina. Nikaandika kwenye taarifa yangu: nyanya, hakuna mahojiano yaliyofanyika, na sababu ni hii. Wiki mbili baadaye nikakuta madodoso ya nyanya mezani kwa Dokta. Yalikuwa mia mbili na kumi na mawili, yamejazwa yote, safi, hayana hata tone la jasho, na wanawake wote humo ndani walikuwa wamefurahia kuhama.

Nikauliza nani ameyajaza. Kosa langu nilimuuliza mbele ya watu. Dokta aliita ofisi nzima, akashika taarifa yangu mkono huu na madodoso mkono huu.

“Wenzake wamekwenda, wamejibiwa,” akasema. “Huyu amekaa nyumbani kwao, akatuletea hadithi ya malkia. Mvivu, halafu mwongo.”

Akanifukuza siku hiyo hiyo, na maneno hayo mawili akayapeleka kila ofisi ya Kumasi inayoajiri wadadisi. Nilizunguka mwaka mzima. Watu niliowafundisha kazi walinikwepa barabarani. Wauza nyanya nao wakahamishiwa soko jipya, kule nyuma ya viwanda vya mbao, mahali ambapo mteja hafiki na nyanya za Jumatatu zinavuja maji Alhamisi. Nikawafuata huko. Nana Afrakoma alinipa meza, akasema mtu aliyepoteza kazi kwa kukataa kuwasingizia wauza nyanya ni muuza nyanya.

Miaka saba ikapita hivyo.

Halafu akaja Dery. Huyu ni mtafiti, mtu mzima mwenye mvi, Mdagaaba wa Nandom kule kaskazini. Wafadhili wa ule utafiti walimtuma awatafute wale wale wauza nyanya mia mbili na kumi na wawili, awaulize upya, waone soko jipya limewafaa vipi. Dery ana adabu. Alikuja mwenyewe, chupa mkononi, akainama, akaeleza safari yake. Nana akafurahi kama msichana.

“Unaona?” akaniambia. “Mtu wa kaskazini anajua. Huyo wetu wa hapa hapa ndiye aliyelelewa na mbuzi. Chukua karatasi hiyo, Akua, nisomee.”

Nikaanza kusoma orodha: jina, tarehe ya kuzaliwa, jina, tarehe ya kuzaliwa. Nana alikuwa anatikisa kichwa kila jina. Huyu simjui. Huyu naye simjui. Nikafika jina la tisa.

“Akosua Brago. Tarehe sita Machi, elfu moja mia tisa hamsini na saba.”

“Siku ya uhuru?” Nana akauliza.

“Ndiyo, Nana.”

“Nilikuwa mtoto, tulicheza barabarani mpaka nikapoteza kiatu. Ilikuwa Jumatano. Sasa huyo Akosua, mtoto wa Jumapili, amezaliwaje Jumatano?”

Sisi Waasante mtoto anakuja na jina lake: Akosua ni wa Jumapili, Adwoa wa Jumatatu, mimi Akua ni wa Jumatano, na hakuna mama anayekosea. Wanawake wa umri wa Nana wengi hawajui tarehe waliyozaliwa wala mwaka, ila siku wanaijua, maana ndiyo wanayoitwa. Lakini kwenye orodha ile wote mia mbili na kumi na wawili walikuwa na tarehe kamili, kama wamezaliwa benki.

Nikatoa simu, nikafungua kalenda. Afua wa Ijumaa, tarehe yake ilianguka Jumanne. Yaa wa Alhamisi, Jumatatu. Mwingine, Ama wa Jumamosi, alizaliwa Krismasi ya mwaka sabini, na Krismasi hiyo ilikuwa Ijumaa. Tukakaa mpaka adhuhuri, Dery anatafuta, mimi naandika, na wateja wachache tulionao tunawafukuza. Waliopatana na siku zao walikuwa thelathini na mmoja tu. Mmoja katika saba. Ungefumba macho ukagawa majina kwa kuchota mkononi, ungepata hivyo hivyo.

“Mimi kwetu hatuna majina ya siku,” Dery akasema polepole. “Nisingeona kamwe. Lakini yeye ni Mwasante!”

“Majina yalimtoka mdomoni, tarehe zikamtoka kichwani,” Nana akasema. “Hakuwa na mama yeyote mbele yake wa kumrekebisha.”

Mimi nilikuwa nacheka peke yangu. Miaka saba naomba niwekwe uso kwa uso na mtu yule, kumbe amenipa kamba mwenyewe na kipimo cha shingo yake.

Dery akaniona, akaweka kalamu chini.

“Dada Akua, nisikilize. Nitaandika barua kimya kimya. Sehemu ya nyanya itafutwa, Dokta atastaafu, jina lako litarekebishwa kwenye jalada. Zile sehemu nyingine zitabaki, pamoja na ndizi.”

“Kwenye jalada? Nani anasoma jalada? Mimi nilitukanwa mbele ya watu.”

“Ukimvua nguo hadharani, wafadhili watautupa utafiti wote. Hawatachambua kipi cha kweli na kipi cha kupika. Na halmashauri inatafuta sababu tu ya kurudisha ule ushuru wa wauza ndizi. Unanielewa? Mia nne wale ni kazi yako. Ni ya kweli.”

Nilimwelewa. Naomba hilo liandikwe vizuri: nilimwelewa kabisa. Nikamtazama Nana, anisaidie. Nana akajifunga kitambaa chake upya.

“Mimi nataka soko langu la zamani, na silipati kwa njia yoyote kati ya hizo,” akasema. “Jina ni lako. Amua wewe.”

Labda ningeamua vingine kama Dokta asingekuja mwenyewe. Alikuja siku tatu baadaye. Alikuwa amesikia orodha iko mkononi mwa Dery, na mkutano mkubwa wa kupokea matokeo ulikuwa wiki iliyofuata, ambapo walitaka kumpa usimamizi wa mpango huo huo wa kuhamisha masoko katika miji mingine sita. Aliruka madimbwi ya maji ya nyanya kwa viatu vyake vya ngozi, chupa kwapani. Alipita mbele yangu. Nilikuwa nimekaa hatua mbili tu, nimejifunga kanga ya kazi, mikono imejaa maji mekundu.

“Mama, Nana yuko wapi?” akaniuliza, akinitazama usoni.

Hakunijua. Aliniharibia maisha, na sura yangu hakuitunza hata kidogo. Nikamwonyesha kwa kidole, nikasogea nyuma ya makreti nisikie.

“Nana, tusameheane ya zamani,” Dokta akaanza, sauti tamu. “Wadadisi wangu wamepoteza anwani za wamama. Nimeleta kadi hizi, mia mbili na kumi na mbili, kila moja ina jina na tarehe. Nigawie wamama wakakariri. Siku ya mkutano, huyo Dery akiwauliza, waitike tu. Nitazungumza na halmashauri, mtarudishwa soko la zamani.”

“Kadi umeziandika mwenyewe?”

“Kwa mkono wangu, Nana. Jambo kama hili humpi karani.”

“Weka chupa hapo,” Nana akasema. “Tumesikia.”

Alipoondoka, Nana aliniita. Alinikabidhi kadi. Nikazigawa mwenyewe, meza hadi meza, na kila mwanamke nikamwambia maneno ya kusema.

Ukumbi wa mkutano ulikuwa umejaa. Machifu mbele, wakubwa wa halmashauri, wafadhili na vikombe vyao vya chai, na Dokta Boadu jukwaani amevaa vazi la kente kama bwana harusi. Milango ikafunguliwa, wauza nyanya wakaingia kwa mstari. Wote walikuwa wamefunga vitambaa vyekundu vichwani. Mwasante akiona nyekundu haulizi maana: ni msiba au ni hasira. Dokta tabasamu lilimganda.

Dery alisimama na kipaza sauti. Nilikuwa nimemwambia asubuhi nimeamua nini, naye hakunibishia tena, alisema tu kwamba hatamzuia mtu kusema kweli. Akampa kipaza sauti mwanamke wa kwanza, Asabea, ambaye hata miaka arobaini hajafika na mdomo wake una pilipili.

“Mimi kwa kadi ya Dokta ni Akosua Brago,” akasema Asabea. “Nimezaliwa tarehe sita Machi, hamsini na saba.”

Chifu mmoja mzee aliyekuwa anasinzia mbele akafungua jicho.

“Machi sita? Ile ilikuwa Jumatano!”

“Ndiyo, Nana,” Asabea akamwitikia, maana chifu naye huitwa Nana. “Jumatano.”

“Basi wewe si Akosua. Wewe ni Akua!”

“Muulize Dokta, Nana. Ndiye aliyenizaa.”

Ukumbi ukalipuka. Kipaza sauti kikaenda kwa wa pili.

“Mimi ni Afua wa Ijumaa, nimezaliwa Jumanne. Mama yangu alisukuma siku nne!”

“Mimi Yaa. Dokta ananiambia niliwahi, nikatoka Jumatatu nikangoja jina mpaka Alhamisi!”

“Mimi hapa nina miaka sabini na mbili, jamani. Nitazameni ngozi hii!” Huyo alikuwa binti wa miaka ishirini na tano, akazunguka mara mbili ili wafadhili wamwone vizuri.

Machifu walikuwa wanapiga mapaja. Hata mpishi wa chai alitoka jikoni. Mimi nilisimama nyuma ya ukumbi nikamtazama Dokta tu, na utamu niliousikia sijawahi kuusikia kwenye chakula chochote.

Akanyakua kipaza sauti cha jukwaani. “Nimedanganywa! Waheshimiwa, wadadisi ndio waliopika haya! Kulikuwa na msichana mmoja, Akua, Akua Nso... nilimfukuza kwa uongo! Huyo ndiye alipewa nyanya!”

Hapo ndipo nilipotembea. Ukumbi ni mrefu, na sikuharakisha hatua hata moja.

“Nsowaa,” nikasema. “Malizia jina, Dokta. Akua Nsowaa. Wiki iliyopita umeniita mama ukaniuliza njia.”

Akanitazama, na safari hii akanijua.

“Kama ni mimi niliyeyapika,” nikasema, “ungekuwa umekwenda kwa Nana Afrakoma kunishtaki. Wewe ulikwenda na kadi. Waheshimiwa, pokeeni kadi hizo. Mnazo barua zake mezani kwenu, zenye maelezo aliyoandika kwa kalamu. Linganisheni mwandiko.”

Wanawake wakapita mezani kwa wafadhili, kila mmoja akaweka kadi yake, taratibu, mpaka rundo likafunika vikombe. Nana Afrakoma akawa wa mwisho. Aliweka ile chupa juu ya rundo, ikiwa na muhuri wake.

“Hatukuinywa,” akasema. “Kuna vitu mtu hanywi.”

Dokta alishuka jukwaani kwa mlango wa pembeni. Njia nzima wanawake walimzomea, wakimwita kwa majina ya kiume ya siku zote saba, Kwasi, Kwadwo, Kwabena, wakimuuliza achague moja. Kwenye ngazi alinikuta nimetangulia.

“Akua, nina watoto,” akasema. “Wako ukumbini. Wameona.”

“Vizuri,” nikamwambia. “Nilitaka waone.”

Nilifurahi. Sitajifanya mtu mwema hapa. Usiku ule nilikula fufu mbili, nikalala bila kuota. Kesho yake watu wawili waliokuwa wakinikwepa walinipigia simu. Baada ya wiki ofisi moja ikaniandikia kwamba wangependa nije nisimamie wadadisi wao, na kwenye barua wakaniita mtu mwaminifu. Nilimsomea Nana neno hilo mara tatu.

Wafadhili walifanya kile ambacho Dery alisema watafanya. Utafiti wote ukafutwa, kurasa zote, za ndizi na za nyanya. Dery alirudi Nandom bila kuniaga. Soko la zamani hakuna aliyeturudishia.

Siku yangu ya mwisho pale mezani, nikiwa nawagawia wenzangu makreti, Maame Birago alifika. Sikumtarajia. Kutoka kwenye ndizi zake, zilizobaki soko la zamani, mpaka huku ni safari, na magoti yake si ya siku zile. Nikamletea kiti, akakataa.

“Nimekuja kukupongeza,” akasema. “Jina lako limesafishwa. Mji mzima unasema.”

“Asante, Maame. Kaa basi.”

“Leo asubuhi mtoza ushuru amenipa tiketi mbili badala ya moja. Nikamuuliza vipi. Akasema ule utafiti ulikuwa wa uongo, kwa hiyo tunarudi kama zamani. Nikamwambia hapana, bwana, mimi niliulizwa, nilijibu kwa mdomo wangu mwenyewe, msichana akaandika mbele yangu. Akaniuliza, msichana gani? Nikamwambia Akua Nsowaa.” Akajishika goti. “Akacheka. Akasema, si ndiye huyo huyo aliyewaonyesha wakubwa kwamba yote yalipikwa?”

Mikono yangu ilikuwa bado ina nyanya.

“Ulijua watafanya hivi?”

“Nilijua, Maame. Nilionywa.”

“Na ukafanya.”

“Nikafanya.”

Nilingoja anitukane. Alijitwika beseni lake tupu, akaliweka sawa kichwani kwa mikono miwili.

“Haya,” akasema. “Wewe ulingoja miaka saba. Na sisi wa ndizi kungoja tunajua, na tuko mia nne.”